Chukua Ndani

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe kaniambia niandike kila siku, tena kwa Kiingereza, ili mkono uzoee. Nimemwitikia ndiyo mama. Naandika kwa Kiswahili, kwa sababu leo nina hasira na hasira yangu haijui Kiingereza.

Asubuhi Madamu, meneja mpya wa hoteli, alitukusanya sisi wa chumba cha ushonaji pamoja na wenzetu wa kufulia. Akazungumza dakika kumi kwa lugha yake, karani wa mapokezi akatutafsiria kwa dakika mbili. Kwa ufupi ni hivi. Kuanzia leo karatasi zote za kazi zitaandikwa kwa Kiingereza. Msimamizi wetu amestaafu, na nafasi yake itajazwa mwishoni mwa Mei, mvua zikiisha. Atakayeipata ni fundi atakayeongoza mtihani wa Kiingereza, wa kusoma na wa kuzungumza. Atakayeanguka kabisa atapelekwa kufulia, kupiga pasi mashuka.

Nimeshona hapa miaka kumi na tisa. Mtu akipita mlangoni namtajia kiuno chake bila kushika tepu. Leo niambiwe nikapige pasi mashuka kwa sababu ya lugha! Ile nafasi naitaka. Naiandika hapa kwa mkono wangu ili siku nikilegea nijisome.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Tumeanika na kuanua mara nne. Sijasoma neno.

Jumamosi, 9 Machi

Somo la kwanza. Mwalimu ni huyu huyu mama mkwe. Ana miaka sabini na minne. Alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya mizigo kwa miaka thelathini na mmoja, na Kiingereza chake chote amekiokota kwenye barua za watu. Ndiyo maana hawezi hata kuomba chumvi bila kuanza na “tunarejelea barua yenu”.

Anaishi nami mwaka wa sita huu. Nilimpokea mwaka ule ule mwanawe, yaani mume wangu, aliponiacha akaenda kuanzisha nyumba nyingine. Asubuhi moja mama alinitokea mlangoni na begi moja na taipureta yake, akasema binti yake amemchoka na hana pa kwenda. Ningemfukuza? Majirani wananisifu mpaka leo kwamba mwanamume kaondoka lakini mama yake kahifadhiwa, na mimi sifa hizo sijawahi kuzikataa. Lakini daftari nikufiche nini. Mama ana mdomo. Chai yangu siku zote ni maji ya kuoshea vikombe, na redio haisikii mpaka nyumba ya tatu nao wasikie.

Leo amenifundisha saa mbili nzima. Ananigongea kwa kalamu kwenye kidole kila nikikosea, kama vile mimi ni mtoto wa darasa la pili. Nina miaka arobaini na saba.

Jumatatu, 11 Machi

Pini leo kasoma karatasi ya kazi kwa sauti mbele ya Madamu, akamalizia kwa “yes, of course”, Madamu akatabasamu mpaka ufizi ukaonekana. Pini ni fundi mwenzangu, ana miaka ishirini na tisa. Tunamwita hivyo kwa sababu hushika pini mdomoni hata akiwa anaongea. Na yeye nafasi anaitaka. Anavaa miwani ya jua kichwani, ndani ya nyumba, siku ya mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Saa nane mchana wingu lilitanda. Makoti meupe ya wahudumu, thelathini, yalikuwa kwenye kamba uani. Nikakimbia nikayaanua yote peke yangu kabla tone halijaanguka, nikayarundika kwenye meza yangu. Sijakaa vizuri, ikaja karatasi ya Madamu: “Please take in the thirty white jackets. Urgent.”

“Please” naijua. Thelathini naijua, na makoti nayajua. “Urgent” mama kanifundisha Jumamosi, ni haraka. Kilichobaki ni “take in”. “Take” ni chukua. “In” ni ndani. Chukua ndani. Ndani ya nini? Makoti yako ndani tayari, mbele ya macho yangu. Nikaona hapa kuna jambo.

Sikutaka kumuuliza Pini, lakini nilimuuliza. Akaitazama ile karatasi, akasema subiri kidogo, akatoka kwenda chooni, akarudi baada ya robo saa. Akasema, “Dada, maana yake ni kubana. Anataka yapunguzwe.”

Nikajiuliza wahudumu thelathini wamekonda lini kwa pamoja. Kisha nikasema huyu Madamu ni mgeni, pengine kwao makoti huvaliwa ya kubana. Na imeandikwa haraka. Nimeanza leo leo, vidole viwili kila upande. Yamekwisha kumi na moja.

Ijumaa, 15 Machi

Yote thelathini. Sijanyanyua kichwa toka asubuhi. Mishono imenyooka utadhani imechorwa kwa rula. Nimeyatundika nikayatazama, nikajisemea hii kazi yenyewe inamtosha Madamu kunipa nafasi bila mtihani.

Jumamosi, 16 Machi

Natamani kuichana siku hii, lakini mama anasema daftari halichanwi.

Leo kulikuwa na mkutano mkubwa hotelini, watu mia mbili na zaidi. Saa moja na nusu asubuhi wahudumu walikuja kuchukua makoti. Wa kwanza aliingiza mkono mmoja, wa pili ukagoma. Mhudumu mnene kuliko wote, yule tunayemwita Bwana Keki, alijikaza akafunga kifungo, akavuta pumzi, kifungo kikaruka kikagonga kioo cha dirisha. Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipoona wa nne, wa tano na wa sita nao hawaingii.

Madamu akaitwa. Akashika koti moja, akaligeuza ndani, akaona mshono mpya. Akaniuliza kitu. Sikuelewa hata neno, nikasema “yes”. Akauliza tena, nikasema “yes” tena. Karani wa mapokezi akaja, akasikiliza, akajishika kiuno. Ndipo nikaambiwa. Madamu alichungulia dirishani, akaona wingu na makoti kwenye kamba, akaandika tuyaanue. Basi. Kuanua tu. Kazi niliyokwisha kuifanya karatasi yake haijafika.

Sitasahau jinsi nilivyosimama pale. Masikio yalikuwa ya moto. Pini alikuwa pembeni, pini zimo mdomoni.

Lakini mimi nikibana nguo huwa sikati kitambaa cha ndani. Fundi aliyenifundisha alikuwa akitukataza kwa kofi. Kitambaa chote kilikuwa pale pale kimekunjwa. Nikamwambia karani amwambie Madamu anipe saa mbili. Nikakaa na wembe, nikafumua koti moja baada ya jingine, Pini akiyapiga pasi. Kumi yakatoka kabla ya chai, ishirini yakatoka kabla ya chakula cha mchana. Mkutano ukahudumiwa. Kidole changu cha shahada kimechanika mara tatu na damu iliingia koti moja tu, tena kwapani.

Madamu hakunigombeza. Alisema neno moja, karani akalitafsiri: mtihani uko pale pale.

Jumapili, 17 Machi

Nimeshinda kitandani nikiwaza. Pini alikwenda chooni robo saa, akarudi na jibu la uongo. Anajua Kiingereza, kila mtu anamsikia. Kwa hiyo alinifanyia makusudi. Aliniingiza mjini, na mimi nikaingia mzima mzima na cherehani yangu.

Sitamwambia mtu. Nitasoma.

Jumamosi, 23 Machi

Nilimsimulia mama habari ya makoti. Alicheka mpaka akatoa meno ya bandia akayaweka kwenye sahani. Kisha akayarudisha, akavaa miwani, akaingiza karatasi kwenye taipureta. Herufi ya “k” imekatika, kwa hiyo kila “take” inatoka “ta e” na mimi najazia kwa kalamu.

Akasema Kiingereza kina tabia ya kuchukua kitenzi cha kawaida na kukibandikia kijineno kidogo nyuma, na kile kijineno kikishakaa, kitenzi kinaota ndevu. Akaanza kugonga. “Take in” ya kwanza, kuanua nguo zilizoanikwa. Ya pili, kubana nguo iliyo pana. Ya tatu, kumpokea mtu nyumbani kwako asiye na pa kukaa. Ya nne, kumdanganya mtu akadanganyika. Ya tano, kusikia jambo likakuingia akilini.

Nikamwambia watu hawa hawana akili. Mambo matano hayana hata undugu, unayapa jina moja ili iweje? Sisi tuna anua, tuna bana, tuna pokea, kila moja na lake.

Mama akaniuliza, “Na funga?”

Nikasema funga ni funga.

Akasema haya. Funga mlango. Funga safari. Funga Ramadhani au Kwaresima. Timu imefunga bao. Fungua, fungia, fungana, fungisha. Ukikata mkia wa neno na kushona mwingine, si limeota ndevu? “Wao wanabandika pembeni, sisi tunashonea pale pale,” akasema. “Mgeni akikutana na funga yetu naye analia.”

Niliitafakari hiyo wakati nakosha vyombo. Halafu nikagundua jambo, nikarudi na povu mikononi kumwambia. Mtu akidanganywa si tunasema kaingizwa mjini? Neno likieleweka si tunasema limeniingia? Basi na sisi mambo hayo tunayapeleka ndani, sema hatujafikia kuyaanika kwenye kamba moja. Mama akanitazama juu ya miwani. Akasema, “Naona limekuingia.” Hajawahi kunisifu hata kwa chai.

Kisha akanigongea sentensi tano za kukariri, moja kwa kila maana. Ya tatu inasema “I took in my husband's mother.” Nilimpokea mama wa mume wangu. Ameigonga mwenyewe, bila kunitazama, akavuta karatasi akanipa. Nimeipenda. Hiyo sitaisahau kwa sababu ni ya kweli.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Sentensi tano mara ishirini.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Mara ishirini.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua, na umeme umekatika kazini. Tulishona kwa cherehani za mguu. Nikawa nakanyaga nikisema “take in, take out, take off, take on”, hadi fundi wa bomba akauliza kama nimepagawa.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo karatasi ilisema “let out” kwenye suruali ya mlinzi. Sikumuuliza mtu. Nilichukua muda wangu, nikakumbuka mama alichosema, nikaachia kiuno inchi moja. Ilikuwa sawa. Nilitembea kwenda nyumbani bila mwavuli na sikujali.

Jumatano, 17 Aprili

Nimegundua jambo na sijui nilifurahie au nilionee haya.

Mchana nilikwenda getini kupeleka suruali nyingine ya mlinzi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikajibanza nyuma ya kibanda chake. Nikasikia sauti ya Pini ndani. Alikuwa anamsomea mlinzi karatasi ya kazi herufi kwa herufi, naye mlinzi anapekua kamusi ndogo iliyochanika jalada. Akapata neno, akamwambia maana, Pini akairudia mara tatu kwa sauti ya chini. Kisha akamwambia amwandikie na jinsi ya kulitamka.

Nikakumbuka ile robo saa ya chooni. Kumbe choo chenyewe ni getini. Mlinzi alifungua kamusi, akaona “take in” inahusu nguo kubana, na kwa kuwa muulizaji ni fundi wa nguo akaishia hapo. Pini hakunidanganya. Pini hajui Kiingereza. Anajua “yes, of course” na “no problem”, na anajua kutembea.

Kwa hiyo aliyeingizwa mjini ni Madamu. Na sisi wote.

Alhamisi, 18 Aprili

Nikimwambia karani neno moja tu, yeye atamwambia Madamu, na Pini hatafika hata Mei. Nimeshinda na neno hilo mdomoni kama pipi.

Ijumaa, 19 Aprili

Bado limo. Utamu umepungua. Nimekumbuka kwamba Jumamosi ile ya makoti hakuna aliyemwambia Pini apige pasi. Alisimama tu akaanza.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilimfuata stoo, tukiwa wawili tu. Nikamwambia, “Mdogo wangu, mlinzi anakufundisha vibaya. Njoo kwangu Jumamosi, kuna mwalimu.” Alitoa pini zote mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake. Nilidhani atakana. Akasema, “Dada, mimi niliacha shule darasa la sita. Nikipelekwa kufulia, mama yangu ataniambia alijua tu.” Akalia kidogo, akajipangusa kwa kipande cha bitana.

Nikamwambia nafasi ile bado naitaka na nitampita. Akasema naye anaitaka. Tukaelewana.

Jumamosi, 27 Aprili

Mama kamkubali mwanafunzi wa pili kwa sharti kwamba avue miwani ya kichwani. Kidole chake kimegongwa mara tisa na changu mara nne. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumapili, 5 Mei

Leo kaja wifi yangu, yule binti wa mama aliyemchoka. Huja mara mbili kwa mwaka, hukaa nusu saa kwenye ukingo wa kiti, huweka mfuko wa matunda mezani na kuondoka. Miaka yote sita nimempokea kwa heshima na kumdharau moyoni. Mtu anayemtupa mama yake, mimi simwelewi.

Mama alikuwa amelala. Nikamwandalia wifi chai, na kwa kuwa sentensi zangu zilikuwa mezani, akazisoma. Ameishia chuo, Kiingereza anakijua. Akafika ya tatu, akaweka kikombe chini. Akaniuliza nani kaandika hii. Nikamwambia mama mwenyewe.

Akacheka, lakini haikuwa kicheko. Akasema, “Wifi, mimi nimechoka kubeba hili peke yangu. Chumba cha mama kiko kwangu mpaka leo. Kitanda kimetandikwa. Kila mwezi nabadilisha mashuka.”

Nikamwambia sielewi, mama alisema umemchoka.

Ndipo akanieleza. Wiki ile kaka yao aliponiacha, wadogo zake wawili walipanga kuja na gari kubeba vitu vya ndani, makochi, kabati na cherehani yangu ya nyumbani, kwamba kaka yao ndiye aliyenunua. Mama alisikia mazungumzo hayo sebuleni kwa wifi. Hakubishana nao. Alfajiri alifunga begi, akabeba taipureta, akaja kwangu. Akamwambia wifi, “Nikimwambia nakuja kumlinda atakataa, ana kiburi. Nitamwambia umenifukuza. Nawe ukiulizwa, nyamaza.”

Wale shemeji nawakumbuka vizuri sana. Walikuja siku ya pili na gari. Wakamkuta mama yao kakaa kwenye kochi lile kubwa, miguu kaiweka juu ya stuli, anashikiza vifungo. Wakamwamkia, wakanywa chai, wakaondoka. Mimi nilidhani wamekuja kumjulia hali. Niliwafungia hata maandazi.

Wifi akasema mtaani kwao anaitwa aliyemfukuza mama yake. Mumewe mwenyewe alikaa mwaka mzima anamtazama kwa jicho la pembeni. “Nami nikanyamaza,” akasema, “kwa sababu mama alisema ninyamaze.” Nilimshika mkono.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemtazama mama siku nzima kama mtu mgeni. Kala, kalalamika, kalala.

Jumanne, 7 Mei

Nilimuuliza. Nikasema mama, wifi kaniambia habari ya shemeji na gari. Alikuwa anasafisha herufi za taipureta kwa mswaki wa zamani. Hakunyanyua kichwa. Akasema wifi yangu anaongea sana tangu utotoni. Nikasema mama. Akasema, “Una mtihani wiki tatu zijazo. Vitenzi vya 'put' hujavigusa.” Akaingiza karatasi.

Nimekasirika kwamba miaka sita nilidhani ninatoa kumbe ninapewa. Majirani wananisifu mimi, na aliyestahili sifa anakunywa chai mbaya. Nilikuwa najivunia wema usio wangu. Haya, basi, nitasoma na “put”.

Jumamosi, 18 Mei

“Put off”, ahirisha. “Put on”, vaa. “Put up with”, vumilia. Mama akasema hiyo ya mwisho amejifunza kwa kuishi nami. Pini akacheka sana, nikamkanyaga chini ya meza.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua imepungua. Makoti yanakauka kwa siku moja.

Jumanne, 28 Mei

Pini amenizidi kwenye kusoma. Mimi namzidi kwenye kuongea, kwa sababu sioni aibu kukosea. Makoti thelathini yalinimaliza aibu yote.

Alhamisi, 30 Mei

Mtihani.

Wa kuandika ulikuwa asubuhi. Karatasi kumi za kazi, ueleze kila moja inataka nini. Tisa nilizijua. Moja ilikuwa na neno sijawahi kuliona. Mwezi wa tatu ningebahatisha. Leo nimeandika kwamba hili sijui, nitamuuliza aliyeandika kabla sijashika mkasi.

Wa kuzungumza ulikuwa mchana, ofisini kwa Madamu, mimi na yeye, na karani kakaa pembeni asitie neno. Akaniuliza kazi yangu, nikaeleza. Akaniuliza cherehani ikikata uzi nafanyaje, nikaeleza mpaka akaniomba nipumue. Kisha akauliza swali jepesi kuliko yote. Ninaishi na nani nyumbani?

Sentensi ninayo. Nimeikariri toka Machi, mara ishirini kwa siku. Nikafungua mdomo, na ile sentensi ikakataa kutoka, kwa sababu si kweli. Nikasema, “My husband's mother took me in.”

Madamu akainua kalamu nyekundu. Akaniambia kwa upole kwamba nimegeuza. Akanionyesha kwa kidole, wewe, kisha mbali, yeye. Wewe ndiye uliyempokea. “You took her in,” akasema, akangoja nirudie.

Nilijua kwamba nikirudia napata alama. Nilijua pia kwamba mtu huyu aliniona nikisema “yes” mara mbili kwa swali nisilolielewa, na kwamba anadhani ndiyo yale yale. Nikasema, “No, Madamu. Not mistake. She took me in.”

Akatua kalamu. Akatabasamu, akauliza kama nina maana kwamba huyo mama alinidanganya. Nikafikiri. Begi lile moja. “Binti yangu amenichoka.” Miaka sita ya uso mkavu. Nikasema, “Yes. That also. The two.”

Akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Akaniambia nieleze. Nikaeleza kwa Kiingereza changu, chote kilichopo. Gari, shemeji, cherehani, kochi, vifungo. Vitenzi vingi vilikosa wakati wake, navyo nikavisukuma hivyo hivyo. Hakunisahihisha tena. Nilipomaliza, karani alikuwa anatazama dirishani. Madamu akaandika kitu kirefu kwenye karatasi yake, kwa ile kalamu nyekundu, na mimi nikatoka nisijue kama nimefaulu au nimejizika.

Ijumaa, 31 Mei

Majina yamebandikwa ubaoni saa nne. Langu liko juu. La Pini ni la pili, alama nane chini, na anabaki kwenye cherehani yake. Hakuna anayekwenda kupiga pasi mashuka. Pini alinikumbatia na pini zake zikanichoma begani, akaomba radhi kwa Kiingereza.

Nimefika nyumbani nikamwambia mama nafasi nimeipata. Akasema vizuri, akaniuliza waliuliza nini. Nikamwambia yote, mpaka ile sentensi ya tatu nilivyoigeuza. Hakunikatiza. Aliniuliza, “Ulisema kwa maana ipi?”

“Zote mbili, mama.”

Akasema mkaguzi mwingine angenikata alama, kwa sababu sentensi moja hubeba maana moja. Nikasema hii imebeba mbili miaka sita na haijachanika. Akavua miwani akaifuta kwa kanga, muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani. Kisha akasema yeye ndiye aliyemwonea binti yake, na kesho twende kwake wote wawili, amwambie mbele ya majirani zake, kwa sauti, kwamba hakufukuzwa na mtu.

Nilikuwa na swali moja tu, na niliogopa kuliuliza. Nikauliza. Ukweli ukishasemwa, na chumba kule kiko tayari, kitanda kimetandikwa, je, kesho atabaki kwa bintiye au atarudi nami?

Mama akanitazama kama nilivyotazamwa siku ya makoti.

“Nirudi nawe vipi,” akasema, “wakati hapa ni kwangu?”